Safari ya Propela Moja

Gari linalovuta kwa magurudumu manne lina fadhila moja ambayo wauzaji aghalabu hawaitaji, nayo ni kwamba viungo vyake vya kupitishia nguvu vimewekwa jozi, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, hata kimoja kikiharibika mwenziwe huweza kuibeba kazi ya wote wawili kwa muda, mpaka gari lifike penye fundi na vipuri. Motokaa ya mjini ikikatikiwa na shafti yake imekwisha, haina ila kungoja kuvutwa kwa kamba. Bali Land Rover iliyoharibikiwa na propela ya nyuma baina ya Maikona na North Horr, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, mahali ambapo kamba huenda ipo lakini mwenye kuvuta hayupo, yaweza kufunguliwa propela ile kwa spana mbili, ikalazwa ndani pamoja na mizigo, na safari ikaendelea kwa nguvu ya magurudumu ya mbele peke yake.

Jambo hili si siri ya mafundi. Madereva wa kaskazini mwa Kenya na wa nyika za Umasaini wanalijua, na wengi wao wamelifanya jua likiwa utosini bila kumwuliza mtu. Walakini wengi walijuao wanalijua nusu: wanajua kwamba gari litakwenda, wasijue kwamba katika aina nyingi za magari haya propela ikitoka hutoka pia pamoja na kile kilichokuwa kikilizuia gari lisibingirike likiegeshwa. Kwa hiyo nitadai katika sura hii, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba hatari ya safari ya namna hii imo zaidi katika kusimama kuliko katika kwenda.

Sharti kwanza tuifuate njia ya nguvu. Nguvu ya injini hupita katika klachi, ikaingia giaboksi, na kutoka hapo ikaingia sanduku la pili ambalo mafundi huliita transfa, ambamo hutokea mikono miwili: mmoja huelekea ekseli ya nyuma na wa pili ekseli ya mbele, kila mmoja kwa propela yake. Kila propela huishia katika difu, na difu huigawa tena nguvu ile baina ya gurudumu la kulia na la kushoto kwa shafti mbili fupi ziitwazo hafshafti. Mpango huu ni mkongwe. Jeep za Willys zilizotumika katika Vita Vikuu vya Pili zilikuwa nao, na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alipotaka mwaka 1947 kuunda gari la kazi za shamba, alianza majaribio yake juu ya fremu ya Jeep. Land Rover yenyewe ikaonyeshwa kwa walimwengu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Toyota nayo ilitoa gari lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likafuata mwaka 1954. Katika magari hayo ya kale, ukiacha Land Rover za miaka ya mwanzo kabisa, transfa ina hiari: ama nguvu yote iende nyuma, ama dereva aingize gia ya magurudumu manne, na hapo mikono miwili ile hufungamanishwa kwa meno ya chuma, isiweze tena kuzunguka kwa mwendo mbalimbali.

Kwa gari la namna hiyo hesabu ni nyepesi. Ikiharibika propela ya mbele, itolewe, na gari liendelee kwa gia yake ya kila siku. Halikuwa likiitumia propela ile juu ya lami, wala halitaijutia mpaka likutane na tope. Ikiharibika propela ya nyuma, itolewe hiyo, kisha iingizwe gia ya magurudumu manne, ijapokuwa yatakayovuta ni mawili tu: mkono wa nyuma wa transfa utazunguka bure hewani, na ule wa mbele, maadamu umefungamana nao kwa meno, utachukua nguvu yote.

Illa kuna kitu kimoja kidogo ambacho kimewatesa watu wazima. Magari mengi ya hiari, hasa Land Cruiser na Hilux za zamani, yana habu za mbele zinazofungwa na kufunguliwa kwa mkono, ili hafshafti za mbele zipumzike gari linapokwenda kwa magurudumu ya nyuma. Propela ya nyuma imekwisha kutolewa, gia ya magurudumu manne imeingizwa, injini inanguruma, klachi imeachiwa, na gari halisogei hata shubiri. Dereva, ambaye amekwisha kuchubuka viwiko chini ya gari, huanza kuamini kwamba transfa nayo imekufa, kumbe habu ziko huru tangu siku ile aliyopanda lami, na hafshafti zinazunguka ndani ya magurudumu yaliyotulia. Utingo mwenye akili huzifunga habu hizo kabla hajaulizwa, na nimeona mara nyingi kwamba katika jozi ya dereva na utingo wake, anayelijua gari kwa chini si yule mwenye leseni.

Mambo hubadilika katika magari yavutayo kwa magurudumu manne siku zote, ambayo Range Rover ya mwaka 1970 ndiyo iliyoyapa sifa, ikafuatwa na Land Rover ya One Ten mwaka 1983, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa Defender, na Land Cruiser nyingi za safu ya 80 na ya 100. Magari haya yana difu ya tatu, iliyokaa katikati, ndani ya transfa, ambayo kazi yake ni kuziruhusu ekseli mbili zitofautiane mwendo katika kona. Na difu, iwe ya kati au ya ekseli, ina tabia ya maji: huukimbilia upande usio na kizuizi. Ukitoa propela moja, upande ule unabaki bila kizuizi chochote, basi mzunguko wote humiminikia huko, na propela iliyobaki haipati kitu. Gari linanguruma na kusimama palepale kama lile lenye habu zilizofunguliwa. Dawa yake ni kuifunga difu ya kati kwa mkono wake, na kuhakikisha kwamba taa yake imewaka, kwa sababu mkono waweza kusogea na meno yasikutane. Gari likisukumwa kidogo, au shafti ya transfa ikizunguka nusu duara, meno huangukiana na taa ikawaka.

Yako magari ambayo difu yao ya kati haina mkono wa kuifunga, mathalani Range Rover za mwishoni mwa miaka ya 1980 na baada yake, ambazo badala ya mkono zina kitita cha sahani nyingi nyembamba zilizozamishwa katika mafuta mazito ya silikoni. Ekseli moja ikianza kukimbia kuliko nyingine, mafuta yale hushika na kuizuia. Gari la namna hii likitolewa propela moja huweza kwenda, lakini linakwenda kwa kuyakokota mafuta hayo, ambayo yalikusudiwa kuzuia tofauti ndogo ya mwendo kwa dakika chache, wala hayakukusudiwa kulibeba gari zima kwa mchana mzima. Huchemka, na kitita kikifa gharama yake huizidi ile ya propela. Mwenye gari kama hilo aitumie njia hii kulitoa barabarani au kufikia kijiji cha karibu, kisha atafute lori. Freelander ya mwaka 1997 ni kinyume chake: kitita chake kimo katikati ya propela ya nyuma yenyewe, na magurudumu ya mbele huvutwa moja kwa moja, kwa hiyo propela ile ikitolewa yote, vipande vyake viwili pamoja na kitita, kinachobaki ni motokaa ya kawaida ya kuvuta kwa mbele. Magari madogo ya siku hizi yenye kompyuta ya breki na ya mvuto sitayaeleza hapa, kwa kuwa kila moja lina masharti yake, na kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Kabla ya kufika kwenye kusimama, nitataja faraja moja ambayo huwashangaza walioonywa kwa ukali. Kila mwanafunzi wa udereva wa porini huambiwa asiingize gia ya magurudumu manne juu ya lami, na sababu yake ni ya kweli: katika kona magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma, na ekseli zilizofungamanishwa haziwezi kutofautiana, hivyo juu ya mchanga gurudumu moja huteleza kidogo na kumaliza deni, bali juu ya lami haliwezi kuteleza, na deni hulimbikizana ndani ya shafti mpaka mkono wa gia ukatae kutoka. Lakini propela moja ikiwa haipo, ekseli iliyobaki haina wa kushindana naye. Gia ya magurudumu manne yaweza basi kukaa ndani kutoka Moyale hadi Isiolo, lami tupu, na difu ya kati yaweza kufungwa njia nzima, pasitokee dhara lolote kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye kusimama. Dereva wa Land Rover akivuta breki ya mkono, mara nyingi hudhani kwamba kuna kitu kinachoyashika magurudumu ya nyuma, kama ilivyo katika motokaa nyingine. Sivyo. Katika Land Rover za Series, na katika Defender baada yake, breki ya mkono ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, kwenye shafti ile inayotokea propela ya nyuma. Jeep za Willys nazo zilikuwa na mpango huohuo, na kadhalika Land Cruiser za safu ya 40 kwa miaka mingi. Dramu ile huishika propela, propela ikaishika difu, difu ikazishika hafshafti, na hafshafti zikayashika magurudumu. Ni mnyororo wa pingili nyingi, na mwenye kutoa propela ya nyuma ameitoa pingili ya pili. Avute breki kwa nguvu zake zote, dramu itashika barabara, lakini itakuwa imeshika shafti isiyoungana na kitu.

Kinachomwokoa, ikiwa kinamwokoa, ni gia ileile ya magurudumu manne. Maadamu imo ndani, dramu ya nyuma imefungamana kwa meno na mkono wa mbele, na breki ya mkono huyashika magurudumu ya mbele kwa njia hiyo. Lakini angalia desturi ya madereva: wafikapo mwisho wa safari, huirudisha gia katika hali yake ya kawaida, kwa mazoea tu, kama mtu avuavyo viatu mlangoni. Katika gari lisilo na propela ya nyuma, mkono ule mmoja uliorudishwa umeiondoa breki ya mkono, na umeiondoa pia dhamana ya gia, kwa kuwa hata gari likiachwa katika gia ya kwanza au ya kurudi nyuma, giaboksi nayo haina njia ya kuyafikia magurudumu. Vivyo hivyo mwenye kuzifungua habu za mbele akidhani anazipumzisha. Gari limeegeshwa katika mteremko wa Marsabit, breki imevutwa, gia imeingizwa, funguo zimo mfukoni mwa mwenyewe, na hakuna kitu hata kimoja kinacholishika ila uvivu wake wenyewe wa kuanza kubingirika.

Wenye gari la otomatiki wanajiona salama kwa sababu ya herufi P, na hapa pia kuna udanganyifu. Kidole cha chuma kinachofunga gari katika P kimo ndani ya giaboksi, yaani kabla ya transfa. Propela moja ikiwa imetolewa na difu ya kati haikufungwa, kidole kile hushika upande wa kuingilia nguvu tu, na ekseli yenye propela yaweza kuzunguka huku ule mkono usio na kitu ukizunguka kinyume chake. Gari huondoka likiwa katika P, jambo ambalo mwenye kuliona kwa mara ya kwanza hulihesabu kuwa uchawi. Mwenye Hilux ana raha zaidi, kwa maana breki yake ya mkono huvuta waya mpaka kwenye dramu za magurudumu ya nyuma yenyewe, na haina habari na propela.

Breki ya mguu, kwa bahati njema, haiguswi na mambo haya yote, kwa kuwa mafuta yake hupita katika mabomba yake mwenyewe mpaka kila gurudumu. Ndiyo maana safari yenyewe huwa ya amani, na msiba hungoja pale dereva anapoushusha mguu chini ili akanunue soda. Sheria yangu ni kwamba gari la propela moja halisimami pasipo gogo au jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma yake, hata juu ya ardhi inayoonekana kuwa sawa, na kwamba gogo hilo huwekwa na mtu aliyetajwa kwa jina kabla safari haijaanza, lisiwe jukumu la wote ambalo kila mmoja atamwachia mwenziwe.

Sheria hiyo huanza kutumika mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mtu anayelala chini ya Land Rover kufungua propela ya nyuma anafungua, kwa spana yake mwenyewe, breki inayozuia gari lisimpite juu. Mawe yawe yamekwisha wekwa kabla ya nati ya kwanza kulegezwa. Na hata gari likiwa zima, breki ya namna hii isiaminiwe juu ya jeki: gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu lile lililobaki chini lizunguke huku la juu likizunguka kinyume, na gari huanguka kwenye jeki ingawa breki imevutwa mpaka mwisho.

Kuhusu kwenda kwenyewe, la kwanza ni kwamba nguvu iliyozoea kugawanywa kwa ekseli mbili sasa inabebwa na moja. Waundaji wa Land Rover waliiogopa hali hii tangu zamani. Katika gia ya kwanza ya upande mdogo wa transfa, yaani ule wa mwendo wa polepole na nguvu nyingi, Land Rover za Series II huizidisha nguvu ya mzunguko wa injini takriban mara 40 kabla haijayafikia magurudumu, na hafshafti za nyuma za magari hayo zilijulikana kwa kukatika. Kwa hiyo mkono mwekundu wa gia ndogo ulitengenezwa makusudi uziingize ekseli zote mbili kila unaporudishwa nyuma, ili mtu asiweze, hata akitaka, kuutupa mzigo wote ule juu ya ekseli moja. Mwenye kutoa propela ameuvunja ulinzi huo. Gia ndogo bado itaingia, na gari litajiona lina nguvu za ajabu, lakini hafshafti mbili zitakuwa zinabeba kilichopimwa kwa nne. Basi gia ndogo iachwe, au itumiwe kwa mguu mwepesi mno. Klachi iachiwe polepole. Mizigo ipunguzwe kama pana wa kupunguziwa. Na trela, ikiwa lipo, lisubiri.

Ikiwa propela iliyotolewa ni ya nyuma, dereva atahisi usukani unatetemeka katika kona kali, na huenda akadhani kuna kitu kingine kilichovunjika. Hapa inafaa kumkumbuka Robert Hooke, mtaalamu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1703, ambaye alikichunguza kile kiungo cha uma mbili na msalaba katikati ambacho mafundi wetu hukiita krosi. Kiungo hicho hupitisha mzunguko hata shafti mbili zikiwa zimepinda, lakini hakiupitishi kwa mwendo sawa: shafti ya kwanza ikizunguka mara 100 kwa dakika bila kubadilika, na pindo likiwa la nyuzi 30, shafti ya pili hupungua hadi mwendo wa mara 87 na kupanda hadi wa mara 115, na kurudia hivyo mara mbili katika kila duara. Katika propela tatizo hilo halionekani, kwa kuwa kuna krosi mbili, na ya pili huyafuta makosa ya ya kwanza, mradi uma zake zimekaa mstari mmoja. Bali kwenye magurudumu ya mbele ya Land Rover za Series kuna krosi moja tu kila upande, pale hafshafti inapopinda kulifuata gurudumu, nayo haina mwenziwe wa kuyafuta makosa yake. Dereva akikata kona kwa nguvu, gurudumu huvuta na kulegeza, huvuta na kulegeza, na usukani humwambia hivyo mikononi. Land Cruiser ina viungo vya mipira ya chuma mahali hapo, ambavyo hupitisha mwendo sawasawa, na kwa hiyo hukata kona kimya. Kwa Land Rover shauri ni moja: kona zikatwe kwa upana na bila kukanyaga mafuta.

Mlima nao una hila zake. Gari likipanda, uzito wake hurudi nyuma, na magurudumu ya mbele, ambayo sasa ndiyo yanayovuta, hupungukiwa na kile kinachoyafanya yashike ardhi; yatachimba murramu na kurusha kokoto huku gari likirudi taratibu kwa nyuma. Katika hali hiyo mzee mmoja wa kazi hii atakushauri ugeuze gari na upande kwa kinyumenyume, na ushauri wake una msingi maradufu. Uzito huyaangukia magurudumu ya mbele, ambayo sasa yako upande wa chini. Fauka ya hayo, difu ya mbele ya Land Rover za Series ni sawa na ile ya nyuma iliyogeuzwa, kwa hiyo gari linapokwenda mbele meno yake husukumana kwa upande wa mgongo, ambao haukuundwa kwa mzigo mkubwa, na linapokwenda kinyumenyume husukumana kwa uso wake wa kweli. Kutelemka ni afadhali, ila ikumbukwe kwamba injini sasa hulizuia gari kwa ekseli moja tu: ikiwa ni ya nyuma, ambayo imekuwa nyepesi kwa mteremko, mkia waweza kuteleza, ikiwa ni ya mbele, magurudumu ya usukani yaweza kukokoteka na gari likaacha kuitii mikono. Hapo mguu wa breki utangulie kabla ya gia.

Kazi ya kuitoa propela haina mengi. Propela ya Land Rover hushikwa na bolti nne kila mwisho, za spana ya 9/16, na zile za karibu na dramu huwachokesha watu kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Kabla ya kulegeza chochote, flanji mbili zipigwe alama kwa patasi au kwa rangi, ili kila moja irudi mahali pake. Kisha vipande viwili vya propela, vile vinavyoingiliana kwa meno na kuteleza, vifungwe kwa waya visije vikaachana. Na itolewe yote. Kuna watu ambao, krosi ya upande mmoja ikivunjika, huufungua upande huo na kuuning'iniza kwa kamba ya mpira. Kamba ikikatika na ncha ya mbele ya propela ya nyuma ikaangukia barabara, hujichomeka ardhini na kuliinua gari juu likiwa katika mwendo. Sijui kisingizio chochote cha kufanya hivyo, maana bolti nne zilizobaki ni kazi ya dakika chache.

Jeep za Cherokee na Wrangler za miaka ya 1990 zina shida yao peke yao: propela ya nyuma haina flanji kwenye transfa, bali huchomekwa ndani na kuteleza humo, na mwenye kuichomoa huyamwaga mafuta ya transfa. Tundu hilo lazima lizibwe kwa kitu kinachoshika kweli, na mafuta yaongezwe. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira hufika mbali kidogo tu.

Ikiwa kilichokatika si propela bali ni hafshafti ya nyuma, ulizo la kwanza ni kama ekseli ile inaelea au haielei. Katika Land Rover za Series, hafshafti haibebi uzito wa gari. Gurudumu limekaa juu ya beringi zake mwenyewe, na hafshafti yaweza kuchomolewa kwa kufungua bolti za habu huku gari limesimama juu ya magurudumu yake. Vipande vitolewe, propela ya nyuma itolewe ili difu itulie na isisage vibanzi vya chuma, na safari iendelee kwa mbele. Katika Hilux mambo ni mengine kabisa: hafshafti ndiyo inayolishika gurudumu, na ikikatika gurudumu lenyewe laweza kutoka nje ya gari. Hapo sura hii haina msaada. Gari lipandishwe juu ya lori.

Yapasa niseme pia juu ya watu walioifanya dharura kuwa makazi. Wako wanaoitoa propela ya mbele na kuitupa uani mwaka mzima, wakidai kwamba gari hunywa mafuta kidogo zaidi. Nafuu hiyo, kwa gari la hiari lenye habu zilizofunguliwa, ni karibu na bure, kwa kuwa propela ile ilikuwa imekwisha tulia. Na kwa gari la difu ya kati, difu hukaa imefungwa na ekseli moja hubeba kazi ya mbili kwa miezi, mpaka ile nzima nayo ianze kulia. Wengine huitoa kwa sababu iliyo njema zaidi, nayo ni kutafuta chanzo cha mtetemo: gari linatetemeka, hakuna ajuaye wapi, propela ya mbele inatolewa, gari linaendeshwa mwendo mfupi, na mtetemo ukiondoka mshtakiwa amejulikana. Fundi asiyejaribu hivyo hubadilisha beringi tatu kabla ya kuifikia krosi iliyokauka.

Siku ya kuirudisha, alama za flanji zifuatwe, na vile vipande vinavyoteleza vitazamwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa vikiingiliana kwa kosa la jino moja au mawili, uma mbili za krosi hazitakuwa tena katika mstari mmoja, na yale makosa ya Hooke yaliyokuwa yakifutana yataanza kusikika. Gari litatoka gereji likiwa na mtetemo ambao halikuingia nao. Nati zenye nailoni zisirudishwe zile za zamani, zinunuliwe mpya. Mafuta ya difu iliyokuwa mgonjwa yamwagwe katika karai safi na yatazamwe juani kama yana vumbi la chuma. Kisha grisi isindikwe katika krosi mpaka ile ya zamani, nyeusi, ianze kujitokeza katika vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikibaki kikavu, krosi hiyo ibadilishwe papo hapo, mawe yakiwa bado mbele na nyuma ya magurudumu.